Bei za dawa Marekani, Ujerumani, Uingereza, Ufaransa na Japani: ipi niiweke kwenye jedwali la rejea?

Mzizima_Famasi

Wakuu, habari za kazi.

Kamati ya dawa ya mfuko wa bima inataka jedwali la bei za rejea kwa dawa nne kabla ya kukaa na wasambazaji: apixaban mg 5 (ya kuzuia damu kuganda), sitagliptin mg 100 (ya kisukari), insulini glargine, na pembrolizumab kichupa cha mg 100 (ya saratani). Hadidu za rejea zimetaja masoko matano: Marekani, Ujerumani, Uingereza, Ufaransa na Japani.

Namba ninazo, ila hazikai pamoja. Apixaban Marekani naikuta dola 521 kwa mwezi mahali pamoja na dola 231 mahali pengine. Uingereza ni pauni 53.20 kwa paketi. Ujerumani kila dawa ina bei mbili au tatu. Pembrolizumab ndiyo kabisa, Uingereza kichupa ni pauni 2,630 lakini kila taarifa ya NICE, taasisi ya Uingereza inayotathmini dawa, inasema kuna punguzo la siri.

Naomba msaada kwa haya. Kwa kila nchi niandike bei ipi? Punguzo la siri linaweza kukadiriwa? Nikishapata tano, nichukue wastani au ya chini kabisa? Na mjumbe mmoja anataka tutumie kigezo cha NICE cha pauni 20,000 hadi 30,000 kwa mwaka mmoja wa maisha yenye afya kamili kuamua kama pembrolizumab iingie kwenye kitita. Hilo nalo mnalionaje?

Lindi_HTA

Mkuu, kabla ya namba yoyote ongeza safu moja kwenye jedwali: "nani anamlipa nani". Mtengenezaji kwa muuzaji wa jumla, muuzaji wa jumla kwa duka, duka kwa mgonjwa, au bima kwa hospitali. Ukiiacha safu hiyo utakuwa unalinganisha bei ya mahindi shambani Mbozi na bei ya unga Kariakoo.

Naanza na Marekani maana ndiko kwenye vurugu. Dola 521 ni bei ya orodha ya mwaka 2023 kwa siku 30, kwa kifupi WAC: bei anayoitangaza mtengenezaji kwa muuzaji wa jumla kabla ya punguzo lolote. Bima kubwa hailipi hiyo. Katikati wapo PBM, makampuni yanayosimamia orodha za dawa kwa niaba ya bima, na mtengenezaji huwarudishia sehemu ya fedha baada ya mauzo ili dawa yake ipewe nafasi nzuri kwenye orodha. Bei ya orodha ikiwa juu, marejesho nayo hunona. Ndiyo maana kwa miaka mingi bei iliyotangazwa ilipanda huku kile kinachobaki mkononi mwa mtengenezaji kikipanda taratibu zaidi, au kushuka kabisa.

Dola 231 ni mnyama mwingine. Hiyo ni bei ya juu iliyojadiliwa na Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, chini ya sheria ya Agosti 2022 ya kupunguza mfumuko wa bei. Dawa kumi za kwanza zilitajwa Agosti 2023, bei zikachapishwa Agosti 2024, na zimeanza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Sitagliptin ya Januvia nayo imo: kutoka dola 527 za orodha hadi 113. Zinawahusu waliomo Medicare tu, na dawa haiwezi kuchaguliwa mpaka iwe imekaa miaka 7 tangu kuidhinishwa kama ni ya kemikali, au 11 kama ni ya kibaiolojia. Angalizo: bei hizo ni wastani wa siku 30 kwa aina zote za bidhaa husika. Kwa apixaban, kugawa kwa 60 hakuna madhara makubwa kwa sababu wengi hunywa vidonge viwili kwa siku. Lakini dola 119 za insulini za Fiasp na NovoLog zimechanganya vichupa, kalamu na dozi za watu tofauti. Ukizigawa kwa uniti ukadhani umepata bei ya uniti moja, umepotea.

Kwa pembrolizumab achana na WAC, tafuta ASP. Ni wastani wa bei ya mauzo baada ya mapunguzo mengi, na Medicare huchapisha kila robo mwaka kikomo cha malipo, ambacho ni ASP kuongeza asilimia 6. Kwa hiyo gawa kwa 1.06. Kuna mitego miwili. Takwimu zipo nyuma kwa robo mbili. Na uniti ya malipo ya pembrolizumab, msimbo J9271, ni mg 1, si kichupa. Ukiona dola hamsini na kitu usifurahi, zidisha kwa 100. Trastuzumab, dawa nyingine ya saratani, J9355, uniti yake ni mg 10. Kwa baiosimila, yaani nakala za dawa za kibaiolojia, usigawe kwa 1.06, kwa sababu nyongeza yake hukokotolewa kutokana na ASP ya dawa asilia, na kwa sasa nyingi hupewa asilimia 8 badala ya 6.

Insulini iangalie tarehe kuliko kitu chochote. Januari 2024 kikomo cha marejesho ya Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kiliondolewa. Kabla ya hapo, dawa iliyopandishwa bei kupita mfumuko ilidaiwa marejesho yasiyozidi asilimia 100 ya bei yake ya wastani. Baada ya hapo yangeweza kuzidi, yaani kampuni ingelipa zaidi ya ilichouza. Ghafla bei zikashuka. Lantus, chapa ya glargine, ilipunguzwa asilimia 78 kuanzia 1 Januari 2024, NovoLog asilimia 75, na kichupa cha Humalog kikatoka dola 274.70 hadi 66.40. Ukichukua glargine ya Marekani kutoka kwenye makala ya 2022 utakuwa na namba isiyouzwa popote.

Orodha moja ambayo watu wanaisahau: Idara ya Maveterani huchapisha bei za mikataba ya serikali kuu. Ndiyo bei ya Marekani iliyo wazi na iliyo karibu na mnunuzi mkubwa wa umma. Mimi ningeiweka hiyo pamoja na ya Medicare, na WAC ningeiandika pembeni kwa kumbukumbu tu.

Bandari_Hamburg

Ujerumani na Ufaransa niachieni.

Ujerumani bei unayoikuta kwenye tovuti za maduka ni AVP, bei ya kaunta. Wewe unataka ApU, bei ya mtengenezaji. Ukikosa ApU unaweza kurudi nyuma mwenyewe, kwa sababu kila ngazi imewekwa kisheria. Muuzaji wa jumla anapata asilimia 3.15 ya ApU, isiyozidi yuro 37.80, pamoja na senti sabini na ushee. Duka linapata asilimia 3 juu ya hapo na yuro 8.35 kwa kila paketi. Kisha VAT ya asilimia 19, ndiyo, kamili, hata kwa dawa za cheti. Dawa ya ApU yuro 100 inafika kaunta kwa takriban yuro 137. Dawa ya ApU yuro 10 inafika zaidi ya 20. Kwa hiyo usitumie uwiano mmoja kwa dawa zote. Dawa rahisi huonekana ghali mno ukiitazama kaunta. Baada ya hapo bima inarudishiwa asilimia 7 ya ApU na mtengenezaji kwa dawa nyingi zenye hataza, isipokuwa mkataba wa bei umeifuta.

Sasa sehemu yenye faida kwa kamati. Tangu 1 Januari 2011, chini ya sheria inayoitwa AMNOG, dawa mpya inaingia sokoni na kulipiwa mara moja kwa bei anayotaka mtengenezaji, lakini siku hiyohiyo lazima awasilishe jalada la ushahidi. IQWiG, taasisi ya tathmini, hutathmini ndani ya miezi mitatu, G-BA, kamati ya pamoja ya bima, madaktari na hospitali, huamua kufikia mwezi wa sita kama kuna manufaa ya ziada juu ya tiba iliyopo, kisha muungano wa mifuko ya bima unajadiliana bei. Zamani bei ya mtengenezaji ilidumu mwaka mzima. Tangu marekebisho ya 2022 bei iliyojadiliwa inahesabiwa kuanzia mwezi wa saba. Kwa hiyo bei ya Ujerumani ya dawa mpya kabisa usiiguse. Subiri ile ya baada ya majadiliano. Mpaka majuzi bei hiyo ilikuwa wazi kwa wote, jambo lililoifanya Ujerumani kuwa rejea ya nusu ya dunia. Sheria ya utafiti wa tiba ya 2024 imefungua mlango wa kuifanya siri kwa masharti fulani, kwa hiyo uwazi huo msiutegemee milele.

Usome pia uamuzi wa G-BA wenyewe, ni wa bure. Tazama vitu vitatu: dawa iliyolinganishwa nayo, makundi ya wagonjwa, na daraja la manufaa kwa kila kundi. Pembrolizumab imepita hapo mara nyingi kwa saratani mbalimbali, na bei moja unayoiona ni mchanganyiko wa makundi yaliyopata manufaa na yasiyopata kitu. Ninyi mkilipia aina mbili tu za saratani, bei hiyo si yenu.

Na seli tupu usiijaze kwa makisio. Linagliptin, dawa ya kisukari, haikuuzwa Ujerumani mwaka 2011 ingawa Boehringer ni kampuni ya hukohuko: waliona italinganishwa na dawa jeneriki za bei chee wakaamua kutoingia. Vildagliptin, nayo ya kisukari, iliondolewa 2014 baada ya bei ya usuluhishi. Andika "haipo sokoni kwa sababu ya bei". Hilo lina thamani mezani kuliko namba.

Ufaransa haraka haraka: chukua PFHT, bei ya kiwandani bila kodi. VAT ya dawa zinazolipiwa ni asilimia 2.1 tu. HAS, mamlaka yao ya tathmini ya afya, hutoa alama mbili. SMR huamua bima italipa kiasi gani (asilimia 65, 30, 15, au 100 kwa zisizo na mbadala), na ASMR, kuanzia I hadi V, huongoza bei. Dawa yenye ASMR V, yaani haikuongeza kitu, inatakiwa ilete akiba. Zenye I hadi III huahidiwa bei isiyo chini ya ile ya Ujerumani, Uingereza, Italia na Hispania. Umeona kitanzi? Ufaransa inatazama bei ya Uingereza iliyotangazwa, ambayo Uingereza yenyewe hailipi. Nyuma ya pazia kampuni inarudisha fedha kwa serikali. Kwa hiyo PFHT ya dawa ghali ni ya kuonyesha wageni.

kidonge_na_hesabu

Mnamchosha ndugu yetu. Chukua bei tano, fanya wastani, toa asilimia 20, nenda mezani. Msambazaji atapiga kelele kidogo atakubali.

Lindi_HTA

@kidonge_na_hesabu kwa pembrolizumab utamuumiza, kwa apixaban utamuumiza zaidi.

Tazama apixaban. Eliquis mg 5 Uingereza ni pauni 53.20 kwa vidonge 56, yaani siku 28. Hiyo ni pauni 0.95 kwa kidonge, kama dola 1.2 kwa viwango vya miaka hii. Marekani bei ya orodha ya 2023 ilikuwa dola 8.68 kwa kidonge, ya Medicare 3.85. Wastani wa hizo tatu ni zaidi ya dola 4.5, toa asilimia 20 ubaki na 3.6. Mara tatu ya bei ya orodha ya London, na hapo bado tunazungumzia chapa asilia. Uingereza mahakama ilibatilisha hataza ya apixaban mwaka 2022 na jeneriki zikaingia. Marekani jeneriki hazitarajiwi kabla ya Aprili 2028. Wastani wako umechanganya soko lenye hataza na lisilo na hataza, halafu msambazaji wenu huenda analeta jeneriki ya India. Atakubali haraka sana, hata kelele hatapiga.

Safu ya hataza ni ya lazima: ndiyo au hapana, kwa nchi hiyo, kwa tarehe hiyo.

Daktari_Pwani

Nichangie Uingereza na lile swali la kigezo.

Pauni 53.20 na pauni 2,630 ni bei za orodha za NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, bila VAT. Kwa dawa zenye hataza zinazotumika hospitalini, chukulia kwamba hakuna anayelipa hiyo. NICE ikiandika "kampuni ina mpango wa kibiashara" mara nyingi maana yake ni punguzo la moja kwa moja la siri kwenye ankara, na kamati ya NICE ndiyo iliyoliona. Kukadiria asilimia yake kwa dawa moja moja haiwezekani kwa uaminifu. Unachoweza kufanya ni kutengeneza mpaka: ukijua faida ya afya iliyokadiriwa kwenye nyaraka za kamati na kujua kwamba iliidhinishwa chini ya kigezo, unaweza kurudi nyuma kutafuta bei ya juu ambayo ingepita. Mara nyingi namba muhimu zimefutwa kwa wino mweusi kwenye nyaraka hizo, kwa hiyo upate masafa mapana, si namba moja. Iite "kadirio" kwenye jedwali, usiichanganye na bei.

Kuna tabaka jingine, VPAG, makubaliano ya 2024 hadi mwisho wa 2028 ambapo kampuni hurudisha asilimia ya mauzo ya dawa zenye chapa: 22.9 kwa dawa mpya mwaka 2025, 14.5 mwaka 2026. Usiitoe kwenye bei ya dawa moja. Inakokotolewa kwa mauzo yote ya kampuni kwa NHS, inabadilika kila mwaka, na haimhusu mnunuzi wa nje. Iandike kwenye maelezo ya chini.

Kwa jeneriki za hospitali kuna kitu kizuri kinaitwa eMIT. Serikali inachapisha wastani wa bei ambazo hospitali za Uingereza zililipa kweli, pamoja na kiasi kilichonunuliwa. Sitagliptin na apixaban jeneriki zitafute huko kabla ya kwingine. Tofauti kati ya eMIT na bei ya orodha itawashangaza wajumbe.

Sasa kigezo cha pauni 20,000 hadi 30,000 kwa mwaka mmoja wa maisha yenye afya kamili. Kwanza mjumbe amechelewa kidogo, Desemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kukipandisha kuwa 25,000 hadi 35,000, kama sehemu ya makubaliano ya kibiashara na Marekani. Hiyo peke yake inaonyesha kwamba ni namba ya kisiasa kadiri ilivyo ya kiuchumi. Pili, tangu 2022 magonjwa mazito hupewa uzito wa 1.2 au 1.7, kwa hiyo kwa saratani iliyosambaa kigezo halisi ni kikubwa kuliko kinachotajwa. Tatu, na ndilo zito, pauni 20,000 ni zaidi ya mara kumi na tano ya pato la Mtanzania mmoja kwa mwaka. Kigezo kinapaswa kusema ni afya kiasi gani tunaipoteza kwingine tukitumia fedha hapa. Mfuko wenye fedha kidogo unapoteza nyingi zaidi kwa kila shilingi, maana bado una watu wasiopata dawa za presha. Msiazime kigezo cha nchi ya watu. Azimeni hesabu ya faida ya afya, na bei wekeni yenu.

Badala yake peleka kamati hesabu ya bajeti. Pembrolizumab mg 200 kila wiki tatu ni vichupa viwili kwa dozi, mizunguko 17 kwa mwaka, vichupa 34. Kwa bei ya orodha ya London ni pauni 89,420 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Zidisha kwa idadi ya wagonjwa waliopimwa na kustahili, kisha linganisha na bajeti nzima ya dawa za saratani. Mjadala wa kigezo utaisha wenyewe.

Bandari_Hamburg

Hapo kwenye vichupa naongeza, maana kuna akiba ambayo haihitaji kumbembeleza msambazaji.

Dozi ya awali ya pembrolizumab ilikuwa mg 2 kwa kilo. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji mg 120, si 200. Kanada na Uholanzi wapo wanaotoa kwa uzito na kikomo cha mg 200. Shida ni kwamba kichupa ni mg 100, kwa hiyo mgonjwa mmoja peke yake bado anafungua viwili na mg 80 zinamwagwa. Suluhisho ni kupanga siku moja ya kliniki. Wagonjwa watano wa kilo 60 siku hiyohiyo ni mg 600, vichupa sita. Kwa dozi ya kudumu ni mg 1,000, vichupa kumi. Umeokoa asilimia 40. Inahitaji chumba safi cha kuchanganyia dawa, mfamasia aliyefundishwa kazi hiyo, na mfuko unaolipa kwa miligramu zilizotumika badala ya vichupa vilivyofunguliwa. Hapo ndipo huharibika: hospitali inachanganya, halafu inadai vichupa viwili kwa kila mgonjwa. Andikeni kwenye masharti ya malipo mapema, na daktari bingwa wa saratani akubaliane na itifaki kabla.

Tembe_Tokyo

Japani kwa ufupi. Bei ya *yakka* ni ya kitaifa na imechapishwa yote, kwa kidonge au kichupa, hivyo hakuna kichwa kuuma kwenye ukubwa wa paketi. Lakini hiyo ni bei ambayo bima inamlipa hospitali au duka. Wao hununua chini yake na tofauti inabaki kwao. Serikali inapima tofauti hiyo na kuipunguza kwenye marekebisho yanayofuata, zamani kila miaka miwili, tangu 2021 kila mwaka kwa dawa nyingi. Kwa hiyo andika mwezi na mwaka, na utarajie bei ya Aprili kuwa chini ya ya Machi.

Dawa mpya huorodheshwa kwa kawaida ndani ya siku 60, 90 zikizidi, kwa kulinganishwa na dawa inayofanana nayo, au kwa gharama ya kuitengeneza ikiwa haina mwenzake. Kuna marekebisho ya bei za nje, yanayotazama Marekani, Uingereza, Ujerumani na Ufaransa. Tazama hapo: wewe ukiweka Japani pamoja na hizo nne, unahesabu nchi zilezile mara mbili.

Somo la kuwapa wajumbe ni nivolumab, dawa nyingine ya saratani. Mwaka 2014 iliwekewa takriban yen 730,000 kwa mg 100 kwa sababu ilikuwa ya melanoma, saratani ya ngozi yenye wagonjwa wachache sana Japani, na gharama ikagawanywa kwa wachache hao. Kisha ikaruhusiwa kwa saratani ya mapafu. Bei ileile, wagonjwa maelfu. Februari 2017 serikali ikaikata nusu nje ya ratiba. Mkataba wenu wa pembrolizumab uwe na kifungu kwamba idadi ikivuka kiwango fulani, au saratani mpya ikiongezwa, bei inashuka yenyewe bila kusubiri mkutano.

Tathmini ya gharama na manufaa ipo rasmi tangu Aprili 2019, rejea yen milioni 5, lakini hutumika kurekebisha bei baada ya dawa kuorodheshwa. Haizuii dawa kuingia.

Mzizima_Famasi

Shukrani sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Swali la mwisho: kwa hiyo masoko haya matano yana faida gani kwa sitagliptin na apixaban ikiwa tunaletewa jeneriki? Na kubadilisha fedha nitumie kiwango cha kawaida cha benki au uwezo wa kununua?

Lindi_HTA

Kwa hizo mbili, faida ndogo. Ongeza masoko ambako bidhaa yenu inatoka kweli au inakopita jirani. Hataza ya sitagliptin India iliisha Julai 2022 na watengenezaji wakamiminika. Mamlaka ya bei ya India, NPPA, huchapisha bei za kikomo. Kwa dawa zilizo kwenye orodha yao ya dawa muhimu, kanuni ya 2013 ni wastani wa bei ambazo maduka huuziwa chapa zenye angalau asilimia 1 ya soko, kuongeza asilimia 16 za muuzaji rejareja, bila kodi. Hiyo ni dari, soko liko chini yake. Orodha ya maduka ya umma ya Jan Aushadhi ni rejea kali zaidi. Afrika Kusini nayo ina SEP tangu 2004, bei moja ya kutokea kiwandani kwa sekta binafsi, imewekwa wazi yote, lakini ina VAT ya asilimia 15 na ada ya usafirishaji ndani yake, vitoe. Bei za zabuni za serikali yao ziko kwenye orodha tofauti na ni za chini zaidi. Hizo ndizo za kulinganisha na zenu. Na hapa nyumbani msiiruke Bohari ya Dawa (MSD). Kama MSD wananunua bidhaa hiyohiyo, bei yao pamoja na gharama ya usambazaji ndiyo swali la kwanza kwa msambazaji.

Kubadilisha fedha: tumia kiwango cha soko, wastani wa miezi 12, kwa sababu ankara mtalipa kwa dola, si kwa uwezo wa kununua. Uwezo wa kununua unafaa kwenye sura ya pili ya ripoti, mkitaka kuonyesha kwamba bei sawa kwa dola ni mzigo mkubwa zaidi kwetu. Usichanganye hivyo viwili kwenye safu moja.

Uniti: vidonge kwa dozi ya siku ya WHO, apixaban mg 10, sitagliptin mg 100, insulini uniti 40. Kwa glargine tenganisha kichupa cha ml 10 na kalamu za ml 3, na tenganisha uniti 100 kwa ml na uniti 300 kwa ml. Zikikaa mstari mmoja, msambazaji ataleta kalamu kwa bei mliyokadiria kutoka kwenye wastani wa vichupa na kalamu, na hamtakuwa na hoja.

Halafu wastani au ya chini? Kwa jeneriki, ya chini kati ya zilizothibitishwa kuwa bei za kununulia, si za kuuzia. Kwa pembrolizumab usitoe namba moja ya rejea kabisa. Peleka bei za orodha kama dari isiyovukwa, na mwombe msambazaji kwa maandishi atamke bei ya kufika bandarini anayouzia nchi tatu zenye kipato kama chetu. Atasema ni siri. Azimio la Baraza la Afya Duniani la Mei 2019, WHA72.8, linahimiza nchi kutangaza bei halisi, litajeni kwenye barua. Akikataa bado, ombeni punguzo la moja kwa moja kwenye ankara. Mkiletewa mpango wa "mtalipa mgonjwa akipona", kataeni mpaka muwe na rejista ya wagonjwa inayojazwa kila mwezi. Bila takwimu za nani alipata nafuu hamtadai hata senti.

Daktari_Pwani

Na tarehe ya kila bei, mkuu, siku, mwezi na mwaka. Ukikuta jedwali la miongozo ya bei za kimataifa ya MSH, shirika la Management Sciences for Health, bado linazunguka ofisini, liondoe. Halijahuishwa kwa miaka mingi na glargine yake ni ya zama nyingine.